Ukucha Niliouandika Mubi

Simu ilinikuta sokoni Goma, mikono imejaa unga wa mihogo. Sauti ya mwanamke nisiyemjua iliniuliza kama mimi ni Furaha, yule aliyewahi kupanga chumba Mubi kwa Mama Venansia. Nikasema ndimi. "Mama alikufa jana asubui," akasema. "Mimi ni Solange, binti yake. Tutamuzika kesho kutwa huku Bihambwe. Yeye njo alisema, siku nitakufa, muambie Furaha." Nilingoja aniambie kwa nini, lakini simu ilikatika, na mteja wangu aliuliza mara mbili kama namuuzia au simuuzii. Sikuwa nimelisikia jina la Mama Venansia likitamkwa kwa zaidi ya miaka ishirini. Mimi mwenyewe sikuwahi kulitamka, si kwa marehemu mume wangu, si kwa padri. Habari za nilikozaliwa na nani alinizaa nitaziacha, kwa kuwa hazina mkono katika haya. Haya niliyaleta mwenyewe, mwaka ule nilipokuwa na miaka ishirini, kwa kalamu ya bluu na daftari la kurasa mia moja.

Mubi wakati ule ulikuwa mji wa barabara moja na tope. Malori yalifika yamejaa chumvi, sabuni na mabati, yakaondoka na viroba vidogo vizito vilivyotoka migodini, na pikipiki zilipenya katikati yao zimebeba watu watatu na jenereta. Nilifika na diploma yangu ya sekondari nikitafuta kufundisha, nikakuta shule haina nafasi. Ila mwalimu mmoja aliyeacha chaki, Papa Kizito, alikuwa na ukumbi wa mbao, televisheni, mabenchi kumi, na kamera aliyoletewa na shemeji yake. Alikuwa amekubaliana na televisheni moja ya Goma awe anawapelekea mchezo wa upelelezi, sehemu moja kila baada ya wiki mbili, na CD yake aionyeshe pia kwake ukumbini. Alihitaji mtu wa kuandika maneno ya waigizaji. Aliutazama mwandiko wangu, akaniuliza swali moja tu: "Ulishaona maiti?" Nikasema ndiyo. Nani hakuwa ameona, miaka ile. "Basi utaweza," akasema.

Chumba nilikipata kwa Mama Venansia, nyuma ya ukumbi huohuo. Mbao za ukuta zilikuwa zimeachana, na kwenye nyufa alisokomeza vipande vya viroba, lakini kila neno lililosemwa ukumbini lilinifikia kitandani. Alikuwa mtu wa milima ya Masisi, wa Bihambwe, mfugaji mtoto wa wafugaji. Vita vilimsukuma hadi msituni pamoja na mumewe na ng'ombe watatu. Mume alifia njiani. Binti yake mdogo alikuwa amemwacha milimani kwa nyanya yake. Ng'ombe hawapendi msitu. Wale watatu walikonda mpaka unahesabu mbavu, lakini walitoa maziwa, naye aliyauza sokoni katika ndoo nyeupe yenye kifuniko. Watu hawakujua jina lake. Walimwita mama wa maziwa, na wengine, alipokwisha kupita, waliongeza jina la kabila lake kwa sauti ya chini.

Mchana tulikula pamoja, mlango ukiwa wazi ili moshi utoke. Mara nyingi ilikuwa bugali ya mihogo na sombe, yale majani ya mihogo yaliyotwangwa, bila mafuta. Lori la Masisi likipita, tulikula viazi. Alivichemsha na maganda, akavimenya vikiwa moto kwa ukucha wa kidole gumba cha mkono wa kulia, aliouacha urefuke kwa kazi hiyo tu. Aliupitisha mara moja, ganda likabanduka zima, na kiazi cha kwanza kilikuwa changu kila siku. "Kula, mwalimu wangu," alisema, ingawa sikuwa mwalimu wa mtu. Kisha alimimina maziwa ya kuganda katika kikombe, akanywa funda moja huku nikimtazama, ndipo akanipa kwa mikono miwili. Siku ya kwanza nilimwambia asijisumbue kuonja, namwamini. Alikasirika. "Si mambo ya kuamini. Kwetu mwenye nyumba njo anaonjaka kwanza. Nikikupatia bila kuonja, nimekutukana." Nilielewa. Katika nchi yetu sumu huzungumzwa kama mvua: mtu akiumwa tumbo, swali la kwanza ni alikunywa kwa nani.

Mchezo wetu tuliuita Jiko la Mama Regina. Mjane ana wana watatu. Kila mwana akioa, mke anakufa kabla ya mwaka kwisha, na Inspekta anatumwa kutoka mjini kuchunguza. Inspekta aliigizwa na dereva mmoja wa pikipiki, mrefu, aliyevaa koti la sufu katika joto la Mubi kwa sababu Papa Kizito alishikilia kwamba mpelelezi bila koti hakuna atakayemwamini. Papa Kizito hakutaka kuchekesha watu. "Filme bila fundisho ni makelele," alisema, akitembea mbele ya mabenchi matupu kana kwamba bado yuko darasani. "Hapa kwetu muntu akiuawa, familia mbili zinakaa, mbuzi inachinjwa, kesi inakufa. Mimi nataka batu baone mulango ingine. Na baone pia namna heshima inaweza kuua. Mukamwana hawezi kukataa kikombe ya mama mukwe wake. Anapiga magoti, anapokea na mikono mbili. Njo pale anakufa." Nilikuwa msichana, maneno hayo yalinikaa kichwani kama kinywaji kikali. Nilikuwa nimewaona dada zangu wakipiga magoti hivyo.

Mama Venansia ndiye aliyepewa nafasi ya Mama Regina. Papa Kizito alisema shingo yake peke yake ni mwigizaji. Hakujua kusoma, kwa hiyo nilimsomea maneno yake jikoni naye akayarudia huku akisugua ndoo. Lakini kulikuwa na jambo lililotukwamisha wiki mbili nzima. Mama Regina ni mama wa heshima. Lazima aonje kwanza, la sivyo watu wa milimani wangesema hatujui desturi. Na akionja, sumu inaingia vipi? Tulijaribu chumvi, tukajaribu kikombe cha pili, yote yakaonekana ya kitoto. Kisha siku moja wakati wa chakula nilimtazama akimenya kiazi changu. Niliacha kula. Niliandika palepale, daftari juu ya magoti: Mama Regina anakunywa, anajifuta midomo, anatabasamu, na wakati wa kutoa kikombe kwa mikono miwili, ukucha wa kidole gumba, sumu ikiwa chini yake, unagusa maziwa. Papa Kizito aliposoma alipiga meza. "Hii njo itabeba filme yote!"

Mama Venansia nilipomsomea alianza kwa kucheka. "We mutoto! Umeniibia kidole!" Halafu kicheko kikaisha, akaweka kitambaa chini. "Kuonja njo ulinzi yenye tuko nayo," akasema. "Ukionyesha batu kama hata kuonja ni bongo, ni kudanganya, batakunywa nini tena pamoja?" Nilimjibu kwamba ni filme tu, na kwamba katika sehemu ya mwisho Inspekta atamkamata Mama Regina, naye atapiga magoti mbele ya wazee na kukiri, na watu watajua lipi jema na lipi ovu. "Hiyo mwisho ikuwe kweli," akasema, akakubali. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini alikubali. Nadhani ni kwa sababu tangu sehemu ya kwanza wauzaji wa sokoni walianza kumwita kwa jina, hata kama halikuwa lake. "Leo banacheka, banasema mupishe Mama Regina apite," alikuwa amenisimulia siku moja, mgongo umenyooka. Mtu aliyekaa mahali miaka mitatu bila jina hulipokea hata jina la mchawi.

Sehemu ya ukucha ilionyeshwa Jumapili, baada ya misa ya pili. Ukumbi ulijaa hadi nje. Mimi sikuingia, nilijilaza kitandani kwangu nisikie. Kamera ilipokaribia kidole, sikusikia hata kikohozi, kisha mwanamke mmoja akapiga kelele na mabenchi yakasogea yote kwa pamoja. Walipokuwa wanatoka, watu wawili walisimama nyuma ya ukuta wangu. "Umeona vile mukono yake haitetemeki?" mwanamume aliuliza. "Muntu akiigiza, mukono inatetemeka." "Ule haigizi," mwanamke akamjibu. "Ule anatuonyesha kazi yake." Ni lazima niandike nilivyojisikia: nilifurahi. Nililala na daftari kifuani, nikijiambia kwamba maneno yangu yamewatia hofu watu wazima.

Jumatatu Mama Venansia alirudi sokoni na nusu ya maziwa. Jumatano alirudi nayo yote. Tuliyanywa wenyewe, tukayagandisha, mwisho tukayamwaga nyuma ya nyumba na nzi wakatusumbua. Wiki iliyofuata aliomba wembe wangu, akakata ukucha hadi nyamani, akaenda kusimama sokoni na mkono juu. "Angalieni basi, nimekata!" Aliporudi aliniambia walichosema: kama hakuna kitu, mbona ameuficha? Alimwendea Papa Kizito, akampigia magoti, mwanamke aliyemzidi umri, akamwomba sehemu ya mwisho itengenezwe upesi. Papa Kizito alikuwa na aibu. Inspekta wetu alikuwa amekwenda Rubaya kuchimba koltani, tena na koti. "Atarudi, Mama. Nilituma muntu," alisema. Hakurudi. Na kwa kuwa Inspekta hakuja kumkamata Mama Regina, watu waliona kazi hiyo wameachiwa wao.

Mtoto wa miaka minne wa nyumba ya tatu kutoka kwetu alishikwa na homa, akafa siku ya tatu. Muuguzi alisema ni malaria, kwamba waliomleta walichelewa na dawa zilikuwa zimekwisha. Hakuna aliyetaka kusikia hilo, maana malaria haina uso. Mama wa mtoto alikumbuka kwamba mwezi uliotangulia mwanawe alikunywa maziwa ya Mama Venansia. Siku ya pili yake, saa nne asubuhi, Mama Venansia aliitwa kwa shefu wa kartie, mkubwa wa mtaa wetu. Papa Kizito alikuwa ameondoka alfajiri na lori la Goma, kamera ndani ya kiroba cha nguo. Mimi nilikwenda. Niliketi kwenye benchi karibu na ukuta, katikati ya wanawake niliokuwa nikinunua kwao mboga. Mlangoni walisimama vijana, watano au sita, na mapanga yao ya kufyekea, kama watu waliopita tu wakitoka shamba. Shefu alikuwa mzee mpole, mwenye kuogopa. Alimuuliza kama alimpa mtoto sumu. "Hapana, Papa shefu. Mimi pia nilizika batoto." Akamuuliza ule ufundi wa ukucha alijifunza wapi. "Ni mambo ya filme." Mzee alishika kidevu. "Filme haijitungi yenyewe. Muntu mwenye anajua vile sumu inapita, huyo njo mulozi. Nani alikuambia ufanye ile?"

Nilijua jibu, na kila mtu aliyejua kwamba ninaandika angeweza kulijua, ila watu hawakuwa wamefikiria kwamba mchezo una mwandishi. Walidhani mwigizaji husema yaliyomo moyoni mwake. Mama Venansia aliinua macho. Aliyapitisha polepole juu ya mabenchi, uso baada ya uso. Yakanifikia, yakapita, yakaenda kutua kwenye mlango. "Ni mimi mwenyewe," akasema. "Hakuna muntu aliniambia. Niliitunga mimi." Baraza likavuma. Midomo yangu ilikuwa wazi. Sikusema. Nilikuwa nimekula kwake miezi kumi, na kwao mtoto aliyekula jikoni mwako humtoi kwa adui. Mimi pia nilifundishwa hivyo, lakini siku ile ni yeye tu aliyelikumbuka fundisho.

Shefu alidhani amemwokoa. Aliamua ahame Mubi kabla jua halijashuka, na ng'ombe wake wabaki kwa familia ya marehemu. Lakini wale wa mlangoni hawakumngoja mzee amalize. Walimshika Mama Venansia mkono, wakauweka juu ya benchi la shefu mwenyewe. Sikutazama. Nilisikia panga likigonga mbao, mara moja, na baada yake sauti yake, si kelele, bali kama mtu anayeinua mzigo. Walimkata kidole gumba, wakaondoka. Hakuna aliyewafuata.

Nilimkuta uani kwake, amefunga mkono kwa kitenge, anatafuta fimbo yake kwa ule mwingine. Nikasema, "Mama." Hakugeuka. "Usinifuate," akasema. "Batakuona." Alishika njia ya Masisi kwa miguu, njia ya siku nyingi, katika mvua za mwezi ule. Mimi nilichoma madaftari yote katika jiko lake, moja baada ya jingine, na kesho yake nikapanda lori. Tangu hapo nimejiambia mambo mengi: kwamba ningesema wangeua wawili, kwamba yeye alikwisha kuamua, kwamba msichana wa miaka ishirini hana nguvu mbele ya mapanga. Huenda ni kweli. Ukweli huo sijawahi kuulalia usingizi.

Kwa hiyo nilikwenda Bihambwe. Pikipiki ilipanda kutoka Sake, vilima vya kijani, ng'ombe wametawanyika kwenye miteremko, na karibu na njia panda ya Rubaya wanaume walishuka kwa mstari na mizigo kichwani, wamefunikwa udongo mpaka kope. Kwenye kizuizi, mmoja wa wenye bunduki aliuliza ninakwenda wapi. Nikasema msibani. "Ya nani?" Nikamtajia jina. Alifikiri kidogo, halafu akacheka. "Aa, Mama Regina! Yule wa kucha!" Alitoa simu mfukoni kana kwamba angenionyesha, akabadili mawazo, akainua kamba tupite. Sikuwa najua. Mtu fulani, miaka ilipopita, alikuwa ameziingiza zile CD katika simu, na mchezo wetu ulikuwa umemfuata Mama Venansia kila mahali alipokwenda.

Solange alinipokea kwenye uzio. Ana miaka kama thelathini, na shingo ile ile. Aliniketisha ndani, karibu na jeneza, katika chumba cha mbao chenye harufu ya moshi na siagi ya ng'ombe. Nje watu walikuwa wachache. Alinipa chai, akakaa chini mbele yangu, akaongea bila kupandisha sauti. "Alirudi nikiwa na miaka saba. Hapa balimupokea vizuri. Kiisha hiyo filme ikafika Rubaya. Maziwa yetu ikaanza kununuliwa na mutu moja tu, wa jibini, mwenye haishi hapa. Mimi nilichumbiwa. Mama ya kijana akatuma neno, hatuwezi kunywa mu nyumba hiyo. Hakuna mwingine alikuya. Nilimuuliza miaka yote, nani aliandika ile kitu? Anasema ni mimi. Juma iliyopita, amelala pale, njo alisema. Ni Furaha. Hakusema na hasira. Alisema, umuite, aseme yeye mwenyewe."

"Nimwambie nani?" niliuliza, ingawa nilijua.

"Bote. Mbele ya kumufunika na udongo."

Nilisema. Nilisimama mlangoni, jeneza nyuma yangu, mvua ikianza, nikasema jina langu na nilichofanya: kwamba mimi ndiye niliyeandika ukucha, kwamba marehemu hakuwahi kumpa mtu sumu, kwamba alinificha nami nikakubali kufichwa. Niliongea vibaya, nikirudiarudia. Nilipomaliza nilingoja mtu anitukane; ningeshukuru. Mzee mmoja aliyeegemea uzio, jirani yao, alikohoa. "Tumesikia, Mama," akasema kwa adabu. "Lakini kidole ya muntu haikatwake bure." Vichwa kadhaa viliitikia. Walikuwa wameishi na jambo hilo miaka ishirini. Wangeweka wapi yote waliyomtendea, kama ningekuwa nasema kweli? Katekista akaanzisha wimbo.

Wakati wa kubeba ulipofika, wanaume walibaki kwenye uzio. Walijitokeza wawili tu, katekista na binamu wa marehemu, mzee mwenye mguu mbovu. Solange alitazama upande wa uzio, mtu mmoja mmoja, kisha akafunga kitenge chake kiunoni na kushika mbele. Akanielekeza kwa kidevu. "Wewe, shika huku."

Kaburi lilikuwa juu, kwenye malisho, na tope lilikuwa limeanza kuteleza. Jeneza lilikuwa zito kuliko nilivyodhani. Tulipumzika mara nne, na hakuna aliyekuja kutupokea.